Kifaa cha Kufuatilia Gari na Sharti la Bima

Katika mwaka 2015 gari moja la aina ya Lexus liliibiwa London. Ndani yake mlikuwa na kifaa kidogo kilichofichwa, kazi yake kutoa habari ya mahali gari lilipo, na wezi hawakukigundua. Gari likapakiwa, likasafirishwa, na kifaa kile kikawa kinasema njiani. Kwanza kilisikika katika bandari ya Le Havre, Ufaransa. Baadaye kikasikika Oman. Kisha kikasikika Mombasa, katika bandari yetu wenyewe, na mwishowe Kampala. Polisi wa Uganda wakisaidiana na wenzao wa Uingereza walipoifuata habari hiyo hawakulikuta gari hilo peke yake, bali walifumbua biashara nzima: magari ya thamani zaidi ya ishirini, yote yameibiwa Uingereza. Na mwaka 2019 wakuu wa Kenya walikamata tena, hapo hapo bandari ya Mombasa, magari ya Range Rover yaliyoibiwa Uingereza, nayo yamefichwa katika makontena.

Kisa hiki ni cha kweli, na ni kizuri kusimuliwa, lakini kina hatari yake. Mtu akisikiapo hudhani kuwa akishafunga kifaa kama kile katika gari lake amekwisha pata mlinzi asiyelala, wala hana haja ya kufikiri tena. Sisi twaona kuwa fikira hiyo ndiyo inayowatia watu hasarani. Kifaa cha kufuatilia gari, ambacho mafundi na vijana wetu hukiita traka, hakizuii gari kuibiwa. Husaidia kulitafuta likishaibiwa. Na kwa mtu aliyekata bima, kifaa hicho ni kitu kingine zaidi: ni sharti katika mkataba. Sharti likitimia hulipwa haki yake. Likipungua, aweza kunyimwa thamani ya gari zima kwa sababu ya ada ndogo ya mwaka ambayo hakuilipa.

Hilo ndilo tunalotaka kulieleza. Tutasema zaidi juu ya Uingereza kwa kuwa huko sharti hili limepangwa kwa madaraja na kwa sheria zijulikanazo, na kwa kuwa jamaa zetu wengi wa pwani wanakaa huko, nao kila wajapo likizo mazungumzo hayakosi kufika kwenye magari na bima zake. Kisha tutarudi kwetu.

Kwanza yafaa tutenge bima za aina mbili. Ile ambayo serikali humlazimisha kila mwenye gari, huko Uingereza tangu sheria ya mwaka 1930 na hata huku Kenya na Tanzania, ni bima ya kumlipa mtu mwingine aliyedhurika na gari lako. Watu wetu wengi huiita bima ndogo. Bima hiyo hailipi hata senti moja gari lako likiibiwa. Bima ya wizi ni ya hiari, na aghalabu imo katika ile iitwayo bima kubwa. Na kwa vile ni ya hiari, kampuni nayo ina hiari ya kuweka masharti yake kabla haijakubali kuubeba mzigo huo. (Hukumu ya bima katika dini ina maneno marefu ya wanavyuoni, nasi hatuingii humo leo. Twasema tu kuwa hata mwenye kupendelea takaful, ambayo Kenya imekuwa na kampuni yake tangu mwaka 2011, asidhani kuwa masharti ya ulinzi wa gari hayatamhusu.)

Masharti haya hayakuzuka bure. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wizi wa magari Uingereza ulifikia kiasi ambacho kampuni za bima hazikuweza kukivumilia. Mwizi alikuwa akivunja kioo, akichokoa nyaya chini ya usukani, na gari likawaka. Kampuni hizo zilikuwa na kituo chao cha utafiti katika mji mdogo wa Thatcham, jimbo la Berkshire, kilichoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya kuchunguza matengenezo ya magari yaliyogongwa. Kituo hicho kikapewa kazi ya kuvipima vizuizi vya wizi na kuvipanga kwa madaraja. Tangu Oktoba 1998 kila gari dogo jipya lililouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya, na Uingereza ikiwamo wakati ule, lililazimika kutoka kiwandani na kifaa kinachozuia injini isiwake mpaka ufunguo wake wenyewe utambulikane kwa alama ya siri iliyomo ndani yake. Wizi ukashuka sana kwa miaka mingi.

Kisha wenye viwanda wakaleta raha mpya, nayo raha hiyo ikawafungulia wezi mlango. Ni ule ufunguo usiotiwa tunduni, ambao mtu huwa nao mfukoni na gari likafunguka lenyewe akikaribia. Wezi huja wawili usiku. Mmoja husimama karibu na mlango wa nyumba na chombo kinachonasa mawimbi ya ufunguo ulioachwa mezani. Mwenziwe husimama kando ya gari na chombo cha pili. Mawimbi yakapokezanwa baina yao, na gari likadhani kuwa mwenyewe amefika. Hakuna kioo kilichovunjwa wala kelele iliyosikika, na mwenye gari huamka asubuhi akaona mahali patupu. Wengine hupitia nyaya zilizo nyuma ya taa ya mbele, wakachomeka chombo chao, wakaliamuru gari kama walivyotaka. Mambo yalizidi hata mwaka 2025 serikali ya Uingereza ikapeleka bungeni mswada wa kuyafanya kuwa kosa kule kuwa na vyombo hivyo tu, kwa adhabu ya kifungo kifikacho miaka mitano.

Basi kampuni zikaona kuwa kizuizi peke yake hakitoshi, na wenye magari ya thamani wakaanza kuambiwa: fungeni kifaa cha kufuatilia, au hatutabeba hatari ya wizi.

Kifaa hicho hufanyaje kazi? Wengi hudhani kuwa setilaiti ndiyo inayoliona gari. Sivyo. Setilaiti za mfumo wa GPS, uliotengenezwa na Marekani na kukamilika mwaka 1995, hazipungui 24, nazo huzunguka dunia katika kimo cha kilomita kama 20,200. Kazi yake ni kutangaza tu: kila moja husema iko wapi na ni saa ngapi, kwa usahihi mkubwa. Hazijui gari lako wala jina lako. Kifaa kilicho ndani ya gari husikiliza matangazo ya setilaiti nne au zaidi, hupima muda uliopita tangu kila tangazo lilipotoka, na kwa hesabu hiyo hujijua kipo wapi. Mpaka Mei 2000 Marekani ilikuwa ikipunguza kwa makusudi usahihi wa matangazo hayo kwa raia. Ilipoacha, kifaa cha bei nafuu kikaweza kutaja mahali kwa tofauti ya hatua chache tu.

Lakini kujijua si kusema. Ili habari ifike kwa watu, ndani ya kifaa huwekwa laini ya simu kama ile iliyomo katika simu ya mkononi, na habari hupelekwa kwa mtandao wa simu mpaka kituo cha uangalizi. Kwa hivyo kifaa kina sikio na kina mdomo, na kimoja kikizibwa kazi imekwisha. Kontena la chuma huviziba vyote viwili. Ghala la chini ya ardhi hali kadhalika. Na kuna vyombo vya kuvuruga mawimbi, ambavyo kuvitumia ni kosa Uingereza kwa sheria ya mwaka 2006, lakini mwizi wa gari hababaishwi na kosa la pili. Kwa sababu hiyo baadhi ya vifaa hutumia pia redio ya masafa mengine ambayo hupenya mahali pagumu zaidi, na polisi huifuata kwa vipokezi vyao. Njia hiyo ilianza Massachusetts, Marekani, mwaka 1986, nayo ikafika Uingereza mwaka 1993. Wezi nao wamejifunza. Mara nyingi gari lililoibiwa huachwa katika mtaa wa mbali kwa siku moja au mbili, ili waone kama kuna atakayelifuata, kabla hawajalipeleka bandarini au kulikatakata vipande.

Tangu mwaka 2019 madaraja ya vifaa hivi huko Uingereza ni mawili, nayo huandikwa S7 na S5. (Hati za zamani zataja daraja la 5, la 6 au la 7, mwenye hati ya namna hiyo aulize kampuni yake inamtaka nini sasa.) Kifaa cha S7 huonyesha mahali gari lilipo, na hupiga mbiu kwenye kituo cha uangalizi kinachofanya kazi usiku na mchana endapo betri imekatwa au gari limekokotwa bila ya kuwashwa. Kifaa cha S5 hufanya hayo na zaidi. Kila dereva hupewa kitambulisho kidogo cha kuchukua mwilini; gari likienda na kitambulisho hakimo, kituo hupata habari hapo hapo na kumpigia simu mwenyewe. Ikithibitika kuwa ni wizi, kituo chaweza, kwa kuelewana na polisi, kuizuia injini isiwake tena baada ya kuzimwa. Wala hakiizimi gari likiwa mbioni, maana hiyo ingekuwa kuua watu.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe. Maneno ya kampuni hutofautiana, lakini sharti la kifaa katika hati ya bima aghalabu lina viungo vitatu, na msomaji avitazame kwa makini: kifaa cha daraja lililotajwa kiwe kimefungwa, kiwe kinafanya kazi, na ada ya huduma yake iwe imelipwa wakati wizi unapotokea. Watu wengi hukisoma kiungo cha kwanza tu. Huona neno “kimefungwa”, humwita fundi, hulipa fedha nyingi, huweka risiti kabatini, wakasema mambo tayari.

Kiungo cha tatu ndicho kinachowaangusha wengi kuliko vyote. Kifaa hununuliwa mara moja, lakini kituo cha uangalizi na laini ya simu hulipiwa kila mwaka au kila mwezi. Aghalabu mwaka wa kwanza umo katika bei ya kununulia, au katika bei ya gari jipya, na mwenye gari hata hajui kuwa upo. Mwaka wa pili barua ya kudai ada hufika katika anwani ya zamani, au malipo ya benki hukataliwa kwa kuwa kadi imebadilishwa. Hakuna taa itakayowaka ndani ya gari kumwambia kuwa mlinzi wake amekwisha ondoka. Gari laendelea kama jana. Bima nayo yaendelea kulipwa, kila mwezi, bila ya kukosa. Siku ya msiba kampuni huuliza cheti cha kufungwa kifaa na uthibitisho wa ada, na hapo ndipo baba wa watu huanza kupekua makaratasi.

Kuna na jambo la kile kitambulisho cha S5. Kimetengenezwa kukaa kwa dereva, si kwa gari. Lakini mtu huchoka kukibeba, akakitia katika kisanduku cha mbele ya abiria au akakifunga pamoja na ufunguo. Akikiacha garini, kifaa kitamwona mwizi kuwa ni mwenye mali. Akikifunga na ufunguo, mwizi aliyeingia nyumbani akanyakua ufunguo amevipata vyote kwa mkupuo mmoja. Kitambulisho kikae peke yake, katika mkoba au mfuko wa mwenyewe. Na nyumba yenye madereva watatu isijifanye kuwa kimoja kitawatosha; kila mmoja awe na chake.

Vijana nao wana kosa lao. Huko Uingereza kijana akianza kuendesha hutozwa bima ya ghali mno, na kampuni humpunguzia akikubali kufungiwa kile kinachoitwa boksi jeusi. Boksi hilo huandika mwendo wake, namna apigavyo breki, na saa anazotembea usiku. Latumia setilaiti zile zile na laini ya simu ile ile, lakini limewekwa kumtazama dereva, si kumtafuta mwizi, na mara nyingi halina cheti cha S5 wala S7. Kijana asimwambie baba yake kuwa sharti la kifaa limekwisha timizwa kwa sababu ya boksi lile. Hali ni hiyo hiyo kwa vifaa vya bei ndogo vinunuliwavyo sokoni na kubandikwa kwa sumaku chini ya gari: huenda vikasaidia kweli kulipata, na pengine vikalipata haraka, lakini kampuni haikusema “kitu cho chote”, ilitaja daraja.

Gari likiibiwa, mwenyewe asilikimbilie kwa miguu yake hata kama ramani katika simu yamwonyesha mtaa na nyumba. Apige simu polisi kwanza apate namba ya tukio, kisha kituo cha uangalizi, ambacho kwa kawaida huitaka namba hiyo ndipo kikafanya kazi na polisi, kisha kampuni ya bima. Watu waliokwenda wenyewe kudai gari kwa genge la wezi wamejitia katika hatari ambayo hakuna bima inayoilipa.

Je, kampuni ikikataa kulipa, neno limekwisha? Hapa yafaa watu wetu wa Uingereza wajue kuwa sheria haikuwaacha mikono mitupu. Zamani mtu akivunja ahadi moja katika hati ya bima, kampuni iliweza kujitoa katika hati nzima, hata kama ahadi ile haikuhusiana kabisa na hasara iliyotokea. Sheria ya Bima ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Agosti 2016, iliubadili mtindo huo. Ikiwa sharti fulani limewekwa kwa ajili ya kupunguza hatari ya namna fulani, na mwenye bima akaonyesha kuwa kutolitimiza hakukuweza kuzidisha hatari ya hasara iliyompata kwa namna ilivyompata, kampuni haiwezi kulishika sharti hilo kama kisingizio. Tuseme ada ya kifaa haikulipwa, na gari likagongwa na lori likateketea kwa moto. Kifaa hakihusiani na lori, basi kampuni haiwezi kukwepa kwa mlango huo. Lakini gari likiibiwa na kifaa kimekufa, mzigo wa kuonyesha kuwa kifaa kizima kisingefaa kitu ni wa mwenye gari, nao ni mzigo mzito.

Sheria nyingine, ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika Aprili 2013, yahusu majibu ambayo mtu huyatoa anapoomba bima. Yatenganisha mwongo na mzembe. Aliyesema kwa kukusudia kuwa ana kifaa naye hana, kampuni yaweza kuifuta bima yake na kuzishika fedha alizolipa. Aliyekosea kwa kutoangalia vizuri, kama kuandika S5 ilhali alifungiwa S7, hutazamwa kampuni ingefanya nini kama ingejua kweli. Ikiwa ingemtoza pauni 1,200 naye alilipa 900, atalipwa robo tatu ya madai yake. Ikiwa isingemkubali kabisa, yaweza kukataa madai, lakini imrudishie fedha zake.

Na aliyeona kuwa amedhulumiwa aandike kwanza malalamiko kwa kampuni yenyewe. Kampuni ina wiki 8 za kutoa jibu la mwisho. Asiporidhika, ana miezi 6 tangu tarehe ya jibu hilo kulipeleka shauri lake kwa msuluhishi wa mambo ya fedha, Financial Ombudsman Service, naye hamtozi mlalamikaji kitu. Hapana haja ya wakili. Miongoni mwa mambo ambayo msuluhishi huyatazama ni kama sharti lile lilielezwa wazi wakati wa kuuziana bima, au lilifichwa katika maandishi madogo ya ukurasa wa arubaini. Kwa hivyo barua na jumbe zote za wakala zihifadhiwe, hata zile zionekanazo za upuuzi.

Tuje sasa kwetu. Kenya na Tanzania hazina S5 wala S7, lakini sharti la kifaa limekwisha fika. Benki ikimkopesha mtu fedha za kununulia gari, aghalabu humtaka akate bima kubwa na afunge kifaa, kwa maana gari ni dhamana ya benki mpaka deni liishe. Kampuni za bima nazo huwataka hivyo wenye magari ya thamani. Katika hati nyingi za Kenya sharti huja kwa njia nyingine pia, nayo ni ile sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hujibebea mwenyewe: gari likiibiwa nalo halina kifaa, sehemu hiyo huwa kubwa zaidi. Tuseme gari ni la shilingi 2,000,000, na hati yasema asilimia 10 kwa lenye kifaa na asilimia 20 kwa lisilo nacho. Mwenye kifaa atakatwa shilingi 200,000, asiye nacho 400,000. Tofauti hiyo yatosha kulipia kifaa na huduma yake kwa miaka mingi. Kila mtu aitazame hati yake mwenyewe, maana viwango si sawa, na aliyeona hati ya jirani hajaona yake.

Na mabasi ya Tanzania yaendayo mikoani, ambayo hufungwa kifaa chini ya usimamizi wa LATRA, yasichanganywe na maneno haya. Kifaa kile ni cha kuangalia mwendo, ili madereva wasikimbize abiria kwenye mauti. Hakikuwekwa kwa ajili ya wizi. Mwenye malalamiko juu ya kampuni ya bima huku kwetu, mlango wake Kenya ni mamlaka ya IRA, na Tanzania ni TIRA.

Kuna jambo la nyumbani ambalo makampuni hayalitaji. Kifaa hakijui kubagua baina ya mwizi na mke, wala baina ya mwizi na kijana aliyetumwa sokoni. Huandika safari zote. Baba aliye na ramani ya gari katika simu yake aweza kujua kila mlango ambao watu wake wamesimama, na tumesikia nyumba ambazo ugomvi uliingia kwa tundu hilo. Sisi twaona kuwa kila anayeliendesha gari aambiwe tangu mwanzo kuwa kifaa kimo, na ni nani anayekitazama, na kwa ajili gani. Kukificha kwa mwizi ni hekima. Kukificha kwa mkeo ni kupelelezana. Hivyo hivyo wenye madrasa na maduka walio na madereva wa kuajiriwa: dereva aambiwe, tena kwa maandishi.

Limebaki neno la magari yaliyokwisha kutumika, ambayo ndiyo mengi katika barabara zetu, na baadhi yake hutoka Uingereza. Gari laweza kuuzwa mara mbili au tatu na kifaa kingali kimo, kimelala chini ya zulia au nyuma ya dashibodi. Mnunuzi huambiwa “gari hili lina traka” akafurahi na kuliandika hivyo katika fomu ya bima. Lakini huduma haihami pamoja na gari. Jina lililo katika kituo cha uangalizi ni la mwenyewe wa kwanza, na simu itakayopigwa usiku wa wizi itapigwa kwake, naye amekwisha lisahau gari hilo zamani. Mnunuzi aitake kwa muuzaji namba ya kifaa na cheti cha kufungwa, awasiliane na kampuni ya huduma ibadilishe jina na namba ya simu, alipe ada, kisha aombe kifaa kijaribiwe mbele yake, gari likisogezwa mtaa mmoja na kituo kikataja mtaa huo. Ndipo aijaze fomu.